Vijana wa Siku Hizi Hawataki Kazi

Gazeti lilikuwa moja tu pale benchini, na aliyelishika alikuwa Senata. Kwa hiyo asubuhi ile kila aliyepita kwenye njia ya mbao ya ufukweni, mjini Penrose Beach, alisomewa habari, apende asipende.

"Sikilizeni! 'Vijana wengi zaidi wakosa kazi kiangazi hiki.' Haya sasa! Niliwaambia nini mimi?"

"Hukutuambia kitu," alisema Kocha. "Jana kutwa ulituambia habari za nyonga yako."

"Nyonga ilikuwa utangulizi tu."

Benchi lenyewe liko mbele ya dirisha la Mama Dot, muuza kahawa na donati, na limeelekezwa baharini ingawa hakuna hata mmoja wao anayeitazama bahari. Wameiona tangu wazaliwe, imeshawachosha. Wao wanatazama watu, na wakikosa watu wanatazamana wenyewe, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Senata jina lake la kanisani ni Earl Tibbs. Aligombea udiwani wa mji mpaka karatasi za kura zikamzoea, hakushinda hata siku moja, watu wakamwonea huruma wakampa cheo kikubwa kuliko kile alichokosa. Kocha ni Carmine Dellarosa, aliyefundisha michezo sekondari ya hapo hapo, na nusu ya watu wazima wa mji ule wakisikia magoti yanauma wanamkumbuka yeye. Wa tatu, aliyekaa mwisho wa benchi amekumbatia kikombe chake bila kusema neno, ni Walt Brodzik. Huyu alikuwa dereva wa basi la shule. Mtoto akisimama tu huko nyuma, mzee anakanyaga breki mpaka mabegi yanaruka, na jina la Breki likamganda mpaka leo.

Wote watatu wamestaafu, na wote watatu walikuwa wamevaa sare za kazi. Msimu ulikuwa umefunguliwa, wageni wa Philadelphia wameshaanza kumiminika. Senata alikuwa na kizibao cha mistari myekundu na tai ya kipepeo, kwa sababu ndiye anayeendesha wale farasi wa mbao wa kuzunguka. Kocha alikuwa na kofia ya haramia na kitambaa cheusi kwenye jicho moja, kwa sababu anagawa vijiti na mipira kwenye gofu ndogo yenye meli ya maharamia katikati. Akitaka kubishana kwa dhati hukipandisha kile kitambaa kwenye paji la uso, ili amwone vizuri anayekosea.

Breki yeye alikuwa na fulana ya njano ya halmashauri, kofia pana, na filimbi shingoni. Ni mkaguzi wa lango la Mtaa wa Cedar. Penrose Beach hukanyagi mchanga bila beji ya kulipia, na beji iwe imebandikwa kwenye nguo mahali inapoonekana, siyo mfukoni, siyo kwenye gari, siyo kwa shemeji anayekuja nyuma. Wakaguzi wengine wana huruma. Breki hana. Mwaka juzi alimrudisha Padri Lenihan, aliyekuja kulowesha miguu tu baada ya misa, akamwambia mbele za watu: "Padri, Mungu anakujua. Lango halikujui."

"Hawakosi kazi hawa," Kocha alisema, na kitambaa kikapanda. "Hawataki kazi. Ni vitu viwili tofauti."

"Mbona gazeti halisemi hivyo?"

"Litasemaje, na aliyeandika ni kijana? Ona hata herufi zilivyolala."

"Herufi zimelala kwa sababu umevaa kitambaa tangu saa kumi na mbili, jicho limepinda."

"Senata, mimi nikiwa na miaka kumi na minne nilikuwa nauza aiskrimu kwenye mchanga huu huu. Sanduku begani, barafu inanitiririkia mgongoni, nyayo zinaungua, narudi nyumbani usiku mama yangu hanijui."

"Wewe? Wewe uliuza wiki moja, mwenye sanduku akakufukuza. Uliila yote!"

"Nilikuwa naonja. Mfanyabiashara lazima aijue bidhaa yake."

"Ulionja mpaka sanduku likawa jepesi. Mimi ndiye niliyefanya kazi. Nilikuwa naosha sahani kwa yule Mgiriki mwenye mkahawa wa kaa. Maji ya moto mpaka kucha zinalainika. Msimu ukiisha sikuwa na alama za vidole, ningeiba benki wasingenikamata."

"Ungeiba benki ungegombea nayo udiwani ushindwe vile vile."

Mama Dot alicheka huko dirishani mpaka sukari ya unga ikapeperuka. Kocha akaona amepata hadhira, akainuka nusu.

"Nendeni mkaangalie pale kwa mkaanga viazi. Nani anakaanga? Kijana wa Bulgaria! Ametoka kwao, kapanda ndege, kavuka bahari nzima, kaja kukaanga viazi Penrose Beach. Na mjukuu wangu Rocco anashindwa kushuka ngazi!"

"Rocco bado yuko kwenye kochi?"

"Rocco na kochi sasa ni kitu kimoja. Kifuani makombo ya chipsi, simu usoni. Juzi nimepitisha mashine ya kufyonza vumbi, nikamfyonza na yeye, hakuamka."

"Basi subiri," Senata alisema, akilisogeza gazeti mbali na macho. "Subiri, hapa kuna jambo lako. Wanasema asiye na kazi ni yule ambaye hana kazi na anatafuta. Asiyetafuta hahesabiwi."

"Hahesabiwi wapi?"

"Popote. Hayumo kwa wenye kazi, hayumo kwa wasio na kazi."

"Ngoja. Rocco ana kazi?"

"Hana."

"Kwa hiyo hana kazi."

"Hapana. Hatafuti, kwa hiyo siyo mtu asiye na kazi."

"Sasa ni nini?"

"Kwa serikali? Ni sehemu ya kochi."

Kocha alikaa chini. Unaona kabisa kwamba ile hesabu imemgonga mahali.

"Na akiamka?"

"Akiamka, akaenda akauliza kazi hata sehemu moja tu, papo hapo anakuwa hana kazi. Namba ya taifa inapanda."

"Basi alale! Kumbe mtoto anaisaidia nchi na mimi namtukana kila siku!"

"Ndiyo maana kila kiangazi namba inapanda," Senata aliendelea, sasa akiwa kwenye jukwaa ambalo wapiga kura walimnyima. "Majira ya baridi wako darasani, hakuna anayewahesabu. Shule zikifungwa wanamwagika wote kwa mpigo. Wengi wanapata, ni kweli, ndiyo wakati ambao vijana wengi wanafanya kazi kuliko mwezi wowote. Lakini na wanaotafuta wakakosa wanakuwa wengi vile vile."

"Kwa hiyo namba ikipanda," Mama Dot alisema, ameegemea kwenye dirisha, "maana yake ni kwamba wanatafuta."

Wazee walimwangalia. Shakwe mmoja akapita akipiga kelele.

"Mama Dot," Kocha alisema kwa upole, "wewe lete donati. Hoja tunazo."

Breki bado alikuwa hajafungua mdomo. Kwa kawaida yeye ndiye anayeanzisha wimbo huo wa vijana wavivu. Mwaka jana aliuimba msimu mzima, kwa sauti ya kwanza na ya pili, mpaka Mama Dot akatishia kumnyima kahawa. Lakini mwaka jana Corinne hakuwepo.

Corinne ni mtoto wa binti yake anayeishi Scranton. Ana miaka kumi na saba, na mwakani anakwenda chuo mbali kweli kweli, upande wa pili wa nchi. Alikuwa ameomba mwenyewe kukaa kiangazi hiki na babu yake. Mama yake alikubali kwa sharti: sitaki mtu wa kulala ufukweni, upate kazi, na usipoipata kufikia Jumapili nakuja kukuchukua ukapokee simu kwenye kliniki ya meno ya shangazi yako. Na siku ile ilikuwa Ijumaa. Tangu alipofika, nyumba ya Breki ilikuwa na mtu wa kumwambia "babu, umesahau chumvi," na Breki, tangu mkewe Marge afariki, alikuwa amesahau kwamba chakula kinawekwa chumvi. Kila jioni alimwuliza, vipi leo? Kila jioni alijibiwa, bado, babu. Angewaambiaje hawa? Alijua vizuri wangesema nini, maana maneno hayo aliwafundisha yeye.

"Breki kanyamaza," Senata alisema. "Breki, unaumwa?"

"Nakunywa kahawa."

"Mtu anayekunywa kahawa anatukana vijana. Unaumwa wewe."

Ndipo Corinne alipotokea, viatu mkononi, nywele bado mbichi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mtu havai shati la pasi Penrose Beach saa mbili asubuhi isipokuwa anakwenda kuzikwa au kuomba kazi.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti."

Akapita moja kwa moja hadi dirishani. "Mama Dot, samahani. Huhitaji mtu wa kukusaidia? Hata kwa asubuhi tu. Hata kuosha vyombo."

"Mwanangu, ningekuchukua sasa hivi. Lakini kibanda hiki ni cha mtu mmoja, na huyo mmoja ni mimi, ninakijaza mwenyewe. Nikikuajiri itabidi mmoja wetu afanye kazi akiwa nje."

"Sawa. Asante." Na alitabasamu kweli, hakujilazimisha.

Kocha hakuweza kujizuia. Alikuwa amepata kijana mzima, aliye macho, mbele yake. Akakishusha kitambaa, akakipandisha tena.

"Binti, hebu tuambie ukweli sisi wazee wako. Umetafuta kweli, au umepitapita tu?"

"Nimetafuta, mzee."

"Wapi? Maana kazi zimejaa hapa. Enzi zetu ukitembea njia hii ya mbao ulikuwa unazikanyaga."

"Nilikwenda kwenye gofu ndogo."

"Ehee! Pazuri! Wakasemaje?"

"Wakasema wanaye mtu."

"Nani huyo?"

Corinne aliitazama ile kofia ya haramia. Aliitazama kwa heshima zote.

"Ni wewe, mzee."

Senata alitoa sauti ya mtu aliyepaliwa na donati. Mama Dot alishika mdomo.

"Walisema wanakupenda sana," Corinne aliongeza haraka. "Walisema hushiki simu kazini, huna mitihani, na mwezi wa nane hukimbii kurudi chuoni ukawaacha na foleni."

"Hilo... hilo ni kweli," Kocha alisema, hajui kama ajivune au ajifiche.

"Kwenye farasi nako nilikwenda," aliendelea, kwa sababu alikuwa ameulizwa na amelelewa kujibu anapoulizwa. "Walisema wana mzee mmoja anayemsalimia kila mtu kwa jina, hata asiyemjua."

"Siasa ni watu," Senata alisema chinichini, tai ya kipepeo ikiwa imeinama kidogo.

"Na kwenye duka la peremende, na kwa wakodisha miavuli, na kwenye maegesho."

"Maegesho yuko yule Hutchins," Senata alisema. "Ana miaka themanini yule!"

"Alikuwa amelala. Sikutaka kumwamsha."

"Na langoni?" Kocha aliuliza. Aliuliza bila ubaya wowote, ili tu wahamie kwingine. "Ukaguzi wa beji tangu zamani ni kazi ya wasichana wa sekondari. Mke wangu mwenyewe nilimpatia kwenye lango. Huko umekwenda?"

Corinne akageuka akaitazama bahari.

"Huko hapana," alisema. "Huko sijakwenda." Kisha akaaga, akasema anakwenda kujaribu kwa wafua mashuka wa hoteli ya kilimani, akavaa viatu akaondoka.

Breki alikishika kikombe kikiwa kimeshapoa. Mtoto yule alijibu maswali yote huku anamtazama mtu machoni, ila hilo moja tu alilijibu huku anatazama maji. Dereva wa basi la shule ameshaona kwenye kioo chake watoto wengi sana wanaotazama dirishani wakiulizwa nani ametupa ganda la ndizi. Alijua kwamba amedanganywa. Na alijua kwamba amedanganywa kwa kuhurumiwa, na hilo lilimchoma kuliko jua la saa saba.

"Mtoto mzuri," Kocha alisema. "Sijui wa nani."

"Wangu," Breki alisema.

"Wako kivipi?"

"Mjukuu wangu. Asipopata kazi mama yake anakuja kumchukua keshokutwa."

"Sasa wewe ulikuwa unangoja nini kutuambia?" Senata aling'aka. "Tumekaa hapa saa nzima tunaponda vijana!"

"Ningewaambia nini? Kwamba wa kwangu anatafuta? Mngesema hatafuti vizuri."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu ndivyo ambavyo wangesema.

"Jamani, mimi ningeacha," Kocha alianza, "haki ya Mungu ningemwachia hata leo. Lakini nikikaa nyumbani mke wangu atanitafutia kazi, na kwake hakuna kustaafu. Ana orodha ya mabomba tangu mwaka wa mafuriko."

"Na mimi uchaguzi ni mwakani," Senata alisema. "Nikishuka kwenye farasi sura yangu inasahaulika."

"Sura yako ikisahaulika ndiyo utashinda."

"Kwa hiyo, wapendwa," Mama Dot alisema akipangusa dirisha taratibu, "tumalizie ile mada. Vijana wa siku hizi hawataki kazi, siyo?"

Walitazamana: haramia mmoja, mwenye farasi mmoja, na mkaguzi mmoja mwenye filimbi. Senata alilikunja gazeti, akalikunja tena, akalikalia.

Breki akainuka. Hakusema anakwenda wapi, na kwa mara ya kwanza msimu ule hakushika njia ya Mtaa wa Cedar.

Alikipenda kile kiti chake cha langoni, tuseme ukweli. Kirefu, kina mwavuli, na mtu akikaa juu yake watu wote wa dunia wanapita mbele yake na wanamsalimia, hata wasiotaka, kwa kuwa wanaomba kupita. Mwaka aliokufa Marge, Breki alikuwa anaamka asubuhi na hajui miguu aipeleke wapi. Kiti ndicho kilichomwambia aipeleke wapi. Alikuwa amepanga kufia pale, ikiwezekana mwezi wa tisa, wageni wakishaondoka, asimsumbue mtu.

Ofisi ya ufukwe ni kijumba cha bluu chini ya mnara wa maji, na bosi wake ni Bi Haldane, mwanamke mwenye sauti ya kupita upepo.

"Walt! Lango liko na nani?"

"Liko na Mungu kwa dakika chache. Nataka kuuliza. Mtu akitaka kazi ya ukaguzi sasa hivi, anapata?"

"Sasa hivi? Thubutu! Wakaguzi wote wa mwaka jana wamerudi. Na wa mwaka juzi. Nina lango lina wazee wawili wanagombania mwavuli." Akacheka. "Kuna msichana mmoja, maskini, anakuja hapa kila asubuhi kabla sijafungua mlango. Shati limenyooka, jina lake Corinne. Nimempenda mpaka basi. Juzi ikabidi nimwambie ukweli, nikamwambia binti, usijisumbue, hawa wazee hawaondoki hapa mpaka wafe."

"Akasemaje?"

"Hilo ndilo limenishangaza. Akasema, 'Basi kazi siitaki.' Lakini leo asubuhi kaja tena, kauliza kama kuna lango jipya litakalojengwa."

Breki aliivua filimbi shingoni. Kamba ilinasa kwenye sikio, ikamchukua muda, na Bi Haldane akaanza kuelewa kabla hajamaliza.

"Walt, usinifanyie hivi. Wewe ndiye mkaguzi pekee anayeweza kumrudisha padri."

"Mpigie yule msichana. Na usimwambie ni mimi."

"Ataikuta filimbi yako ina alama za meno yako."

"Basi mwambie nimekufa."

Jioni ile Corinne aliingia jikoni na fulana ya njano mkononi, akasimama mlangoni. Breki alikuwa anakoroga supu.

"Mgongo," alisema bila kugeuka. "Mgongo umenichosha. Kile kiti hakina mto."

"Babu, mgongo wako hauna kitu."

"Una kitu tangu leo saa nne asubuhi."

"Sikutaka ukiache kiti chako. Ningeweza kwenda kupokea simu. Siyo mbaya sana, simu."

"Na mimi chumvi angenikumbusha nani?" Breki alisema. Ikabidi aionje supu ya moto ili apate kisingizio cha macho kulengwa machozi. Corinne alimkumbatia kwa nyuma, mwiko ukiwa bado mkononi mwa babu, na supu ikaungua kidogo, nao wakaila hivyo hivyo. Kisha wakampigia simu mama wa Scranton, wakamwambia Jumapili apumzike.

Jumamosi asubuhi Breki alitokea benchini amevaa kaptura ya maua ambayo hakuna aliyejua kama anayo, na kiti cha kukunja kwapani.

"Huyo nani?" Senata aliuliza. "Mgeni wa Philadelphia?"

"Nipisheni nikae. Mimi ni mtu nisiye na kazi."

"Taratibu, taratibu," Senata alisema, kidole juu. "Unatafuta?"

"Natafuta nini?"

"Kazi. Unatafuta kazi?"

"Sitafuti."

"Basi wewe siyo mtu asiye na kazi. Usijipe vyeo. Wewe huhesabiwi."

"Karibu kwenye kochi," Kocha alisema, na akasogea kumpa nafasi. Kisha akakohoa, akakipandisha kitambaa. "Lakini mimi nina habari njema. Rocco ameamka."

"Acha uongo!"

"Jana nimerudi, nikazima intaneti, nikamwambia kuna binti wa miaka kumi na saba anamshinda hata Mbulgaria kwa kuhangaika. Akakaa. Akauliza leo ni mwezi gani. Saa tisa akatoka nje, akaenda kwenye duka la mishipi ya kuvulia samaki akaulizia kazi, wakamnyima. Jamani, nawatangazia rasmi, mjukuu wangu hana kazi!"

Walimpigia makofi. Mama Dot akatoa donati ya bure, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu awepo pale, na Kocha akaifunga kwenye karatasi akasema hii ni ya Rocco, kisha akaila.

"Mwachie na gofu basi," Mama Dot alimwambia.

"Mama Dot, hatua kwa hatua. Mtoto ndiyo kwanza ameamka."

Farasi na gofu vilikuwa bado kidogo kufunguliwa, wakakubaliana washuke wote watatu hadi Mtaa wa Cedar wakaone. Wakaenda, haramia huku, tai ya kipepeo kule, na katikati yao kaptura ya maua. Corinne alikuwa juu ya kiti kirefu, fulana ya njano imemzidi mabega, filimbi shingoni, na foleni ya familia za Philadelphia chini yake imenyooka ajabu. Mwanamume mmoja mwenye sanduku la barafu lililojaa bia alikuwa anajieleza kwamba beji anayo shemeji yake anayekuja nyuma. Corinne alimwonyesha pembeni pa kumsubiria shemeji. Breki alihisi kifua kinapanua shati.

Zamu yake ilipofika akajiweka sawa na kiti chake kwapani, akaanza kupita.

Filimbi ililia.

"Beji, mzee."

Breki akacheka. Corinne hakucheka.

"Corinne, ni mimi."

"Nakuona, babu. Beji?"

Nyuma yake Kocha alikuwa ameshamshika Senata bega ili asianguke. Breki alijipapasa mifuko ya kaptura. Alijua hakuna kitu. Msimu baada ya msimu alikuwa amekaa juu ya lango lile, na mtu anayekaa juu ya lango haendi kuchukua beji yake.

"Beji za wazee ni za bure," alisema. "Unajua kabisa ningepewa bure."

"Za bure, lakini zinabandikwa. Mahali zinapoonekana."

"Mimi ndiye nimekupa hiyo filimbi!"

"Babu," Corinne alisema kwa upole, akiinama kutoka kule juu ili asimwaibishe sana mbele ya watu wa Philadelphia, "Mungu anakujua. Lango halikujui."

Foleni nzima ilimsikia. Hata Padri Lenihan, aliyekuwa wa nne kutoka nyuma na beji yake imeng'aa kifuani, alisikia, akafanya ishara ya msalaba. Breki alikibana vizuri kiti chake kwapani na kupanda kilima kwenda kwa Bi Haldane kupanga foleni ya beji, na njia nzima alikuwa anacheka peke yake.